TUTEMBEE MU BONDE LETU, TENA TUTEMBEE WOTE



Sisi wakubwa wa wanafunzi, tunaomaliza masomo mwaka huu, tunaleta kwenu shauri moja. Kiangazi kimeingia, njia zimekauka, na katika madarasa yote swali ni lile lile: matembezi ya mwisho wa mwaka yataenda wapi? Wengi wanajibu: Nzilo. Wanataka gari la kukodi, muziki na picha kando ya ziwa. Hatusemi kwamba Nzilo ni pabaya. Ziwa lile, lililotokea katika miaka ya 1950 wakati Lualaba ilipozuiwa kwa ukuta ili kupata umeme wa migodi, ni zuri kweli. Lakini gari lina bei, na kila mwaka ile bei inawaacha nyumbani wenzetu wale wale. Sisi tunasema: twende kwa miguu, chini hapa, mu bonde. Hakuna franka hata moja ya kutoa.

Tunajua jibu mutakalotupa. "Kule chini iko nini? Matope tu." Basi tusikilizane kidogo.

Watu wa kwetu wanalijua neno dembo. Ni bonde pana lisilo na miti, majani na matete tu, na katikati maji yanatembea polepole. Mgeni anaona mahali patupu. Si patupu hata kidogo. Wakati wa mvua, tangu Novemba hadi Machi, udongo wa dembo unakunywa maji kama sponji. Mvua ikikatika, hautoi yote mara moja, unatoa kidogo kidogo, njo maana kijito kinaweza kuendelea kutembea hata mwezi wa nane, wakati majani ya mlimani yote yamekauka na vumbi linaingia mpaka mu sahani ya bukari. Na miti haioti pale juu ya nini? Sababu udongo uliojaa maji hauna hewa, na mizizi ya miti mingi inahitaji hewa. Mambo haya tunayaandika mu daftari kwa saa nzima ya jiografia. Mguu unayafahamu kwa dakika kumi.

Tena ukitazama juu ya vilima, kuna somo lingine. Pale ambapo shaba ni nyingi mu udongo, miti inakataa kuota, na mimea midogo iliyozoea sumu ile inachukua nafasi. Mmoja wao, Haumaniastrum katangense, unajulikana na wataalamu wa mimea kwa jina la ua la shaba, na watafutaji wa madini waliufuata ili kujua pa kuchimba. Vilima vingi vya namna ile vimekwisha kuchimbwa. Tusipoyaona maua yale leo, watoto wetu watayaona mu kitabu tu.

Njia tunazofikiri ni tatu, na zote ni rahisi, hakuna kupanda mlima. Ya kwanza inashuka kutoka nyumba za mwisho mpaka kwenye mabwawa na kurudi. Hata mwanafunzi mdogo wa mwaka wa saba anaiweza. Ya pili inafuata kijito kati ya bustani, pale mama zetu wanapolima lengalenga, nyanya na vitunguu wakati wa kiangazi, kwa sababu pembeni ya dembo udongo unabaki na unyevu. Ya tatu ni ya wenye miguu mizuri: inaelekea upande wa Luilu, na tunageuka kabla ya kufika penye kuta na walinzi.

Maji yote ya pande hizi mwishoni yanaingia Lualaba. Na Lualaba inapita Nzilo, inashuka Bukama, inatawanyika mu maziwa na matete ya Upemba, pale palipowekwa mbuga ya taifa tangu 1939, inapita Kongolo na Kindu, na kutoka Kisangani inaitwa Kongo mpaka Bahari ya Atlantiki. Kwa hiyo kile tunachotupa hapa Kapata kina safari ndefu, na mvuvi wa Upemba anakipokea mbele ya samaki wote.

Sasa tuseme neno lililo zito, sababu tukilificha tutakuwa tunadanganyana. Bonde letu si bustani ya picha. Kuna mahali ambapo maji ni mekundu ya matope, na mahali ambapo mawe ya madini yanaoshwa. Mwaka 2016 shirika la Amnesty International pamoja na Afrewatch walitoa ripoti iliyosomwa duniani kote. Watu wao walikuwa wamefika hapa kwetu mwaka 2015, pamoja na Ziwa Malo. Waliandika juu ya watoto wanaochagua na kuosha mawe, wengi kwa franka 1.000 hadi 2.000 kwa siku. Kobalti ile inaingia mu betri za telefone na za magari ya umeme, mbali sana na sisi. Ulimwengu ulijua jina la kartie yetu kwa habari ile.

Na sisi tunajua zaidi ya ripoti. Mwaka 2019 Leta alifanya masomo ya primeri kuwa ya bure, lakini sisi wa sekondari bado tunalipa minervali. Kuna wenzetu, mu benchi hizi hizi, ambao mu livu wanashuka kule chini kuosha mawe ili warudi kumasomo. Sheria ya 2009 ya kumlinda mtoto inakataza kazi kama ile. Sheria inasema vizuri, lakini sheria haimlipii mtu minervali. Na halafu mwanafunzi yule akirudi, wengine wanamwita "mtoto wa matope". Jambo hili ni baya, na sisi wakubwa hatulitaki tena mu kiwanja cha masomo.

Njo maana wengine watasema: kama kule ni mahali pa taabu, tusiende kutembea. Sisi tunasema kinyume. Kama watu wanaoliona bonde ni wale tu wanaoosha mawe, na wale tu wenye karatasi za kuchimba, ni nani atakayesema neno siku dembo linafukiwa? Matete yanapunguza mbio za maji, matope yanatua, na sehemu ya madini inatua pamoja nayo. Yakichomwa na kufukiwa, uchafu unapita moja kwa moja mpaka mtoni. Si kusema matete yanaweza kumaliza sumu yote. Hayawezi, na maji ya viwanda lazima yasafishwe huko huko yanakotoka. Lakini mtu hawezi kutetea kitu ambacho mguu wake haujakifikia. Hata mataifa yaliona hivyo: tarehe 2 Februari 1971, mu muji wa Ramsar, Iran, yalipatana kulinda mahali pa maji na matope ulimwenguni, na nchi yetu iliingia mapatano hayo mwaka 1996. Tarehe 2 Februari ni siku ya kuyakumbuka. Kumasomo kwetu tunakumbuka siku mingi. Hii tunaipita kimya.

Sasa shauri letu lenyewe. Matembezi haya yasiongozwe na sisi wakubwa, wala na mwenye sauti kubwa. Yaongozwe na wenzetu wanaozijua njia: yule anayejua bwawa gani ni kina kirefu, yule anayejua mashimo ya zamani yaliyofunikwa na majani, yule ambaye mama yake analima pale na anajua maji gani yanaua mboga. Mwanafunzi yule ambaye mu darasa anakaa nyuma sababu amechoka, kule chini yeye njo mwalimu. Hatasema kazi yake kama hataki kuisema. Atatuonyesha njia tu, na sisi tutafuata.

Masharti ni haya:

1. Kushika njia, kutokaribia shimo lolote, na kutoshuka wakati wa mvua.

2. Kutokunywa wala kuoga mu maji ya mabwawa. Mu maji yaliyosimama kunaweza kuwa na kichocho, na mu maji ya kuoshea mawe kuna madini. Kila mmoja achukue maji yake yaliyochemshwa.

3. Kutopiga picha za watu wanaofanya kazi. Tukikutana nao, tunasalimu, tunapita. Wale ni yaya zetu na wadogo zetu, si vitu vya kutazamwa.

4. Kurudi mbele ya saa sita ya mchana.

Wafinalisti wenzetu watalalamika: "Na Exetat?" Ndugu, Jumamosi mbili, saa tatu kila moja, hazimwangushi mtu. Yule anayesema hana saa tatu, atuambie kwanza anakaa saa ngapi na telefone. Na ninyi walimu wa biolojia, kemia na jiografia, tunawaomba mufike pamoja nasi. Chukueni karatasi ya kupima asidi mu laboratwari, kama iko. Tupime maji ya juu na maji ya chini, tuandike tarehe na mahali, na mwaka ujao wengine wapime tena pale pale. Baada ya miaka mitano masomo yetu yatakuwa na daftari ambayo inaweza kuwekwa mezani mbele ya mtu yeyote, kubwa au mdogo, na kusema: tazama, maji yetu yalikuwa hivi, sasa ni hivi. Kilio bila hesabu kinasahaulika upesi.

Wale wanaopenda Nzilo, hatuwakatazi. Waende wakipata gari. Lakini matembezi yenye jina la masomo yote yawe ya wanafunzi wote, si ya wenye pesa peke yao.

Kwa hiyo tunaomba wakubwa wa masomo watupatie Jumamosi mbili mbele ya mitihani. Karatasi ya majina tumekwisha kuibandika ku mlango wa sekretarieti. Upande wa kushoto andika jina lako kama unataka kutembea. Upande wa kuume andika jina lako kama unazijua njia. Tunangoja kwanza upande wa kuume ujae.

Ni sisi wakubwa wa wanafunzi, mwaka wa mwisho, Kapata.