Mutoto wa ordinateri na mutoto wa shimo: bei inawekwa na nani?

Hapa Mapendo siku hizi kila kona iko na kijana anayejua kuandika programu. Wengine wamesoma ISIG, wengine UNIGOM ao ULPGL, wengine wamejifunza peke yao kwenye telefone, kwa mega ya kuombaomba. Wazazi wanajisifu: «Mutoto wangu anafanya informatike.» Na majirani wanafikiri kwamba ndani ya ile nyumba dola zinaingia kupitia dirisha. Mimi ni mutu wa sendika ya wachimbaji. Maisha yangu nimeyapitisha juu ya coltan, siyo juu ya ordinateri. Lakini mwaka huu mutoto wa dada yangu ameniingiza katika hii mambo kwa nguvu.

Alikuja nyumbani usiku, mashini yake mugongoni. Alikuwa ametengeneza programu kwa mufanyabiashara mumoja wa mji: programu ya kuhesabu bidhaa za depo, kutoa fakitire, na kuonyesha madeni ya wateja. Kazi ya miezi 3. Bei walipatana kwa mudomo: dola 150, nusu mbele, nusu mwisho. Alipata 75. Siku ya mwisho bosi akamwambia: «Acha kwanza tuone kama inatembea muzuri.» Programu inatembea mpaka leo, lakini ile nusu ya pili haijaonekana. Akaniuliza: «Mujomba, nyinyi watu wa sendika munasemea watu wa shimo. Sisi nani atatusemea?»

Sikuwa na jibu. Niliomba kalamu, tukafanya hesabu. Miezi 3, siku 26 za kazi kwa mwezi, ni siku 78. Hata kama angelipwa dola zote 150, ingekuwa chini ya dola 2 kwa siku. Kwa ile 75 aliyopata, haifiki hata dola 1. Hapo hatujaondoa mega, wala kashipawa ya kuchaji mashini. Sasa mukumbuke: mushahara wa chini kabisa ambao serikali iliweka mwaka 2018, ule tunaita SMIG, ulikuwa franga 7.075 kwa siku, na wakati ule ilipita kidogo dola 4. Ile ni kwa mufanyakazi asiye na ufundi wowote, mutu wa kubeba mizigo. Mutoto wangu alisoma miaka mitatu ya informatike ili alipwe chini ya mubeba mizigo.

Watu wengi watasema: basi hajui kazi vizuri, asome tena. Mimi nasema hapana. Ile hadisi naijua, nimeiona kwenye mashimo.

Kule Rubaya, katika Masisi, ambako wataalamu wanahesabu kwamba kunatoka karibu asilimia 15 ya tantale ya dunia nzima, muchimbaji anatoa mufuko wake chini ya udongo kwa jasho na kwa hatari ya kufa. Anaufikisha kwa munegosia. Munegosia iko na kamashini ka kupima: kanaonyesha tantale ni asilimia ngapi ndani ya ule muchanga. Kiasi gani ni asilimia, ile njo bei. Muchimbaji hana ile mashini. Anaambiwa namba, anaiamini, anapokea. Anaweza kuwa na nguvu kupita wenzake wote, anaweza kuchimba usiku na mchana, haibadilishi kitu. Nguvu ya mukono haiweki bei. Bei inawekwa na yule anayeshika kipimo na anayemujua munuzi wa mwisho.

Kijana wa programu yuko pale pale. Hajui yule bosi angelipa ngapi kama angenunua programu ya Kigali ao ya Ulaya. Hajui mwenzake wa kona ingine aliomba bei gani kwa kazi kama ile. Akisema dola 400, bosi anamwambia: «Kuko mwingine wa 100.» Pengine ule mwingine hayuko. Lakini nani atahakikisha, kama vijana wenyewe wanafichana bei?

Musifikiri ni shida ya Goma peke yake. Tuangalie Nairobi, ule mji ambao vijana wetu wanauota. Mwezi wa kwanza 2023, gazeti TIME la Marekani lilionyesha hesabu ya kazi moja. Kampuni OpenAI, wenye ChatGPT, walikuwa wamepatana na kampuni ingine, Sama, ili watu wa Nairobi wasome maandishi machafu na kuyatia alama, mashini ijifunze kuyakataa. Ile siyo kazi ya kuandika programu, lakini ni mulango ambao vijana wengi wa ordinateri wanaingilia. Kontra kati ya zile kampuni mbili ilisema dola 12 na nusu kwa saa. Mufanyakazi mwenyewe, mukononi mwake, alipata kati ya dola 1 na senti 32 na dola 2 kwa saa. Sama walijibu kwamba ile 12 na nusu ilikuwa ya kulipa gharama zote, nyumba na vyombo pamoja. Sawa, gharama ziko, hata munegosia iko na gharama. Lakini mutu anayesoma maneno ya kutisha mpaka anaota vibaya usiku, anabaki na moja ya sita, ao chini ya moja ya nane.

Wale wa Nairobi walifanya nini? Tarehe 1 mwezi wa tano 2023, siku ya wafanyakazi, zaidi ya watu 150 waliofanya kazi za namna ile kwa ajili ya Facebook, TikTok na ChatGPT walikutana mujini na kupiga kura ya kuanzisha sendika yao. Wengine walikuwa tayari wameipeleka kampuni ya Facebook kwa tribinali. Kampuni ilisema tribinali ya Kenya haina haki ya kuihukumu, kwa sababu yenyewe ni ya Marekani. Mwezi wa tisa 2024, tribinali ya rufaa ya Kenya ilikataa ile sababu. Kesi ni ndefu, na pesa haijafika kwa wote. Lakini munuzi wa mwisho, yule anayekaa mbali, ameitwa kwa jina lake. Kwenye mashimo yetu hatujafika pale.

Kuko pia mambo ya kupanda ngazi, na hapa ninasema na wazazi. Mwaka 2014 kampuni Andela ilianzishwa Lagos, halafu ikafika Nairobi, Kampala na Kigali. Ilichukua vijana wenye akili, ikawafundisha na kuwalipa, halafu ikawaweka kufanya kazi kwa kampuni za ngambo. Watu wote walisifu. Mwezi wa tisa 2019, Andela ilisimamisha kazi ya vijana karibu 400 wa Nigeria, Kenya na Uganda. Sababu waliyotoa: wanunuzi wanataka watu wenye miaka mingi ya kazi, wanaoanza hawanunuliwi. Na tangu ChatGPT ilitoka mwisho wa 2022, ile kazi ndogo ndogo ambayo anayeanza alijifunzia, mashini inaifanya kwa dakika moja.

Basi mulango wa juu unalipa vizuri, ni kweli, na vijana wetu wamoja wamoja wameufikia. Lakini ngazi ya chini imekatwa. Anayetaka kupanda anahitaji miaka mitatu, ine, ya kazi ya kweli, chini ya mutu anayejua kumuliko. Hapa Goma ile miaka anaipata wapi? Tangu mwezi wa kwanza 2025, wakati M23 iliingia katika mji, mabenki yalifunga, miradi mingi iliondoka, na watu wanavuka mupaka kwenda Gisenyi kutafuta pesa yao wenyewe. Kijana anayepata kazi ya ngambo na hana konti ngambo ya mupaka, anapokea kupitia konti ya mutu mwingine, na ule mutu anakata yake. Inabaki staji: miezi 6, mwaka muzima, kwa pesa ya takisi-moto tu. Ndiyo maana usiuze shamba ya Masisi ao ya Rutshuru kwa kuamini kwamba diplome ya informatike ni dola. Diplome ni pioshi. Unahitaji pioshi, lakini pioshi haikupi bei.

Nini tufanye? Mimi sijui kuandika hata mustari mumoja wa programu. Lakini mambo ya bei na ya kontra nimeyapigania miaka mingi, na nitasema yale ninayojua.

La kwanza ni karatasi. Kama kijana anaenda kila siku katika biro ya bosi, kwa saa za bosi, chini ya amri ya bosi, yule ni mufanyakazi, hata kama wanamwita «freelance» ao «mutoto wetu». Code du travail ya tarehe 16 mwezi wa kumi 2002 inasema kontra iandikwe. Na kama haikuandikwa, sheria inahesabu kwamba ni kontra isiyo na mwisho, mpaka mwingine aonyeshe kinyume. Mabosi wanafikiri kukosa karatasi kunawasaidia. Sheria iko upande wa mufanyakazi, lakini haitasema yenyewe, ni lazima mutu aisome. Na anayefanya kazi kwake nyumbani, kwa bei ya kupatana, aandike pia ukurasa mumoja: kazi ni gani, inaisha lini, bei ni ngapi. Theluthi moja siku ya kuanza, theluthi ya pili siku bosi anaiona inatembea, theluthi ya tatu mbele ya kuiacha mukononi mwake. Hakuna muchimbaji anayeacha mufuko kwa munegosia na kurudi nyumbani mikono mitupu mara mbili. Mara ya kwanza inatosha kumufundisha.

La pili ni bei. Vijana wa Mapendo, wa Katindo, wa Himbi, mukutane siku moja, na kila mutu aseme ukweli: kazi fulani alilipwa ngapi, kwa siku ngapi. Muandike. Ile karatasi njo kipimo chenu. Siku bosi anasema «kuko wa 100», mutajua kama ni uongo.

La tatu ni kujikusanya. Anayefanya kazi peke yake hawezi kuingia katika sendika kama mufanyakazi wa kampuni, nakubali. Lakini inchi yetu iliingia katika OHADA mwaka 2012, na sheria ya OHADA inaruhusu watu 5 tu kuanzisha kooperative ndogo. Watu 5! Kooperative inaweza kufungua konti moja, kutia kontra sahihi, kununua paneli ya jua na intaneti pamoja, na kumuchukua anayeanza akae karibu na anayejua. Ile ngazi iliyokatwa, sisi wenyewe tunaweza kuitengeneza tena.

Najua mutaniambia: «Muzee, tumeona kooperative za mashimo. Jina ni la wachimbaji, tumbo ni la wakubwa.» Ni kweli, na mimi niko kati ya wale waliosema ile kwa sauti mpaka wakanichukia. Sababu ni moja: wachimbaji walitia jina, hawakusoma daftari ya pesa. Nyinyi muko na bahati, ile daftari munaweza kuiweka kwenye telefone ya kila memba, aione kila jioni. Sisi hatukuwa na ile nguvu.

Na wengine watasema kwamba programu ni akili ya mutu, kila mutu alipwe kwa akili yake, sendika italeta uvivu. Mimi sikatai mwenye akili apate kupita mwenzake. Ninakataa mwenye akili apate chini ya SMIG kwa sababu aliogopa kuuliza bei.

Kwa wenzangu wa sendika niko na neno pia. Tumezoea kufikiri kwamba mufanyakazi ni mutu wa udongo kwenye nguo. Ndani ya ile mashini ambayo mutoto wangu anabeba mugongoni, muko tantale, na pengine ilitoka kwetu. Muchimbaji aliibiwa kwenye kipimo, na sasa mutoto wake anaibiwa mbele ya mashini iliyotengenezwa na ile tantale. Tufungue mulango wa biro yetu siku moja kwa wiki, kijana alete kontra yake tuisome pamoja mbele ya kuitia sahihi. Haitatugharimu kitu zaidi ya kiti na kalamu.

Dola 75 za mutoto wa dada yangu bado ziko kwa yule mufanyabiashara. Tumeenda kumuona mara mbili, na tutaenda tena, safari hii tukiwa watu 5. Kwa kazi yake mupya, ya dispansere moja, ameandika ukurasa mumoja na ameomba theluthi ya kwanza. Mwenyewe alitetemeka wakati wa kuuliza. Walimulipa.