Shahada Haijengwi Kwenye Kiwanja cha Mtu

Mwezi Septemba mwaka 2018 Chuo Kikuu cha Staffordshire, kilichoko katika mji wa Stoke-on-Trent huko Uingereza, kiliwapokea wanafunzi wa kwanza wa shahada ya aina mpya, yaani shahada ya mashindano ya michezo ya kompyuta. Mwaka uliofuata chuo hicho kiliyapeleka masomo hayo hadi London. Marekani ilikwisha kutangulia kwa njia yake, kwani mwaka 2014 chuo kimoja cha Chicago, Robert Morris, kilianza kuwasaidia vijana karo kwa sababu ya ustadi wao katika mchezo uitwao League of Legends, kama vile vyuo vya huko vinavyowasaidia wachezaji wa mpira wa kikapu. China nayo, mwaka 2016, iliyaingiza mashindano hayo katika orodha ya masomo ya vyuo vyake vya ufundi.

Tangu wakati huo vyuo vya namna hiyo vimeongezeka, na wimbo wao ni mmoja: kijana, kile ukipendacho kinaweza kuwa ajira yako. Sisi tunasema wimbo huo una kasoro kubwa. Hata hivyo kasoro yenyewe siyo ile inayotajwa kila siku na watu wazima wanaokutana na habari hizi kwa mara ya kwanza.

Inayotajwa kila siku ni kwamba mchezo ni upuuzi, na kwamba chuo kikuu si mahali pa upuuzi. Hoja hiyo tunaikataa. Mpira wa miguu ni mchezo, na umewapa riziki waamuzi, madaktari, watangazaji, wahasibu na washonaji wa jezi. Wala si haki kudai kwamba wanafunzi wa Staffordshire hukaa kutwa wakibonyeza vitufe. Wanafundishwa kuandaa mashindano, kuyatangaza, kutafuta wadhamini na kuendesha biashara. Hizo ni kazi za kweli, na mwalimu anayemcheka kijana aliyeuliza habari za masomo hayo hamsaidii hata kidogo.

Kasoro iko kwa mwenye mali. Mpira wa miguu hauna mwenyewe. FIFA ina Kombe lake la Dunia, lakini haina mpira. Watoto wakifunga matambara kwa kamba na kuweka mawe mawili kuwa goli, hakuna kampuni iwezayo kuwafukuza. Mchezo wa kompyuta ni bidhaa. League of Legends ni mali ya kampuni ya Riot, na Dota 2 ni mali ya Valve. Mwenye mchezo ndiye mwenye uwanja, mwenye mpira, mwenye sheria na mwenye ligi, na akiamua kesho kufunga duka hana wa kumwomba ruhusa.

Haya si maneno ya kutisha watu. Mwaka 2015 kampuni ya Blizzard ilianzisha mashindano ya vyuo vikuu vya Amerika ya Kaskazini, yaliyoitwa Heroes of the Dorm, kwa ajili ya mchezo wake wa Heroes of the Storm. Washindi hawakupewa kikombe tu, walilipiwa na karo. Fainali ya kwanza ilionyeshwa kwenye televisheni ya ESPN2, na vijana wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, wakawashinda wenzao wa Arizona State. Kwa mzazi aliyekuwa akitazama jioni ile, bila shaka ilionekana kuwa njia mpya ya elimu imefunguka. Kisha tarehe 13 Desemba 2018 Blizzard ikatoa taarifa kwamba mashindano hayo ya vyuo, pamoja na ligi ya dunia ya mchezo huohuo, hayatakuwapo mwaka 2019, na kwamba baadhi ya mafundi wake wanahamishiwa kazi nyingine. Wachezaji na watangazaji waliokuwa wakiishi kwa mchezo huo walisema hadharani kwamba walipata habari sawa na mashabiki. Mchezo wenyewe haukufutwa, na mtu aliweza kuendelea kuucheza nyumbani kwake apendavyo. Kilichofutwa ni riziki.

Wanafunzi waliokuwa wakisoma uhandisi au uhasibu mchana na kucheza jioni walipoteza mashindano, hawakupoteza masomo. Hapo ndipo tunapotaka msomaji atulie kidogo, maana tofauti hiyo ndiyo hoja yetu yote.

Kampuni hiyohiyo ilianzisha mwaka 2018 ligi ya mchezo wa Overwatch, yenye timu za miji kuanzia Seoul hadi London. Ligi hiyo ilikoma baada ya msimu wa 2023. Ama kuhusu zawadi nono ambazo vijana husomeana kama hadithi za Alfu Lela, mashindano makuu ya Dota 2 yalitoa zaidi ya dola milioni 40 mwaka 2021, lakini mwaka 2023 zilitolewa kama dola milioni 3 tu. Hatuamini kwamba dunia ilichoka ghafla na mchezo ule kwa kiasi hicho. Fungu la zawadi lilikuwa likitokana na robo ya mapato ya bidhaa fulani iliyouzwa na Valve ndani ya mchezo. Valve ilipobadili utaratibu wake, fungu likanywea. Mtegemea cha ndugu hufa maskini, na hapa hata ndugu hakuna.

Wapo watakaotuonyesha Riyadh. Ni kweli kwamba mwaka 2022 fedha za serikali ya Saudi Arabia zilinunua waandaaji wawili wakubwa wa mashindano haya, ESL na FACEIT, kwa dola bilioni 1.5, na kwamba mwaka 2024 mji huo uliandaa Kombe la Dunia lenye zawadi za dola milioni 60. Lakini tazameni yaliyofuata. Mwezi Julai 2024 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitangaza ushirikiano wa miaka 12 na Saudi Arabia wa kuendesha Olimpiki ya michezo hiyo. Mwezi Oktoba 2025 ushirikiano ukavunjwa, kabla hata ya shindano moja kufanyika. Shahada ya Uingereza huchukua miaka 3. Kijana aliyeanza chuo kwa matumaini ya ushirikiano ule angekuwa mwaka wa pili ulipokufa.

Tunaambiwa pia kwamba asiyeweza kuwa mchezaji ataajiriwa na kampuni zenyewe. Mwezi Januari 2024 Riot iliwaachisha kazi watu 530, karibu mmoja katika kila tisa wa wafanyakazi wake. Mwezi huohuo Microsoft, ambayo mwaka 2023 ilikwisha kuinunua kampuni mama ya Blizzard, ilitangaza kupunguza watu 1,900 katika idara yake ya michezo. Mhitimu mpya anaingia kwenye foleni ambayo mbele yake wamesimama watu wenye uzoefu wa miaka kumi. Na kwa upande wa wachezaji, aliye maarufu kupita wote katika League of Legends, Lee Sang-hyeok wa Korea ya Kusini aitwaye Faker, aliacha shule ya sekondari ili acheze. Hatumtaji ili aigwe! Tunamtaja kwa sababu vyuo hupenda kuning'iniza picha za mabingwa milangoni, ilhali bingwa huyo hakupita mlango huo.

Sasa tuje kwenye gharama. Kuanzia mwaka 2017 hadi 2025 karo ya juu ya shahada nchini Uingereza ilikuwa pauni 9,250 kwa mwaka, yaani pauni 27,750 kwa miaka 3 kabla ya chakula na pango. Mwingereza hukopeshwa, na aliyeanza masomo mwaka 2023 au baadaye hukatwa asilimia 9 ya kipato kinachozidi kiwango kilichowekwa, kwa muda unaoweza kufika miaka 40. Mwanafunzi atokaye ng'ambo hutozwa zaidi ya hapo, na kwa kawaida mkopo huo haupati. Mzazi wa huku atakayevutwa na tangazo zuri atalipa kwa fedha taslimu, na sote tunajua fedha hizo hutoka shamba gani.

Utetezi wa vyuo ni kwamba ujuzi unaofundishwa hauna mipaka, kwamba aliyejifunza kutangaza mashindano ya kompyuta aweza kutangaza chochote. Vema. Kama ni hivyo, shahada na iitwe ya utangazaji, au ya uongozi wa biashara, na mashindano ya kompyuta yawe somo moja kati ya mengi. Kwa nini jina la mchezo limebandikwa usoni pa cheti? Jibu ni kwamba jina ndilo chambo. Kijana wa miaka 18 hatavutwa na neno "uhasibu", na idara ya matangazo ya chuo inalijua hilo vizuri kuliko baba yake. Chambo kimekwisha kushuka hata chini ya umri huo, kwani tangu mwaka 2020 ipo huko hati ya Pearson ya masomo haya inayotolewa kwa vijana wa miaka 16.

Nchini Uingereza wahitimu huulizwa, miezi 15 hivi baada ya kumaliza masomo, wanafanya kazi gani. Majibu hukusanywa na kuwekwa kwenye takwimu rasmi. Mwalimu atakayeulizwa ushauri na mwanafunzi wake amwambie aandikie chuo barua, akitaka kujua wahitimu wangapi wa shahada hiyo wamo katika kazi inayohitaji shahada, wangapi wameajiriwa na chuo chenyewe, na wangapi wako dukani wakipanga bidhaa. Barua ikirudi na hesabu, ikaguliwe kama inavyokaguliwa hesabu ya ofisi yoyote. Ikirudi na picha za vijana wanaocheka mbele ya taa za rangi, fomu ya maombi irudishwe kwenye bahasha yake.