Kabla Ufute Mtu Kazi, Hesabu Leseni

Januari 2024 nilikuwa atachimenti kwa ofisi ndogo ya mainjinia wa barabara na maji hapa Nairobi. Kama mnakumbuka, huo ndio mwezi dola ilipita shilingi 160. Siku moja boss akatuita mimi na mwenzangu, akatuambia polepole: "Vijana wangu, bili ya programu za kuchora imekuja, na inalipwa kwa dola. Mwezi ukiisha sitaweza kuwapea ile pesa ya nauli na lanchi."

Sikumkasirikia. Ni mzee mzuri na alikuwa amebanwa kweli. Lakini swali moja lilinikataza usingizi: hizi leseni zote, nani anazitumia?

Kesho yake nikaomba dada anayeshughulikia kompyuta tufungue akaunti ya ofisi. Iko na ukurasa unaoonyesha nani alifungua programu na siku gani. Leseni zilikuwa 9. Tano zilitumika kila siku. Mbili zilikuwa za watu walioacha kazi, mmoja ashaenda Qatar kitambo. Moja ilikuwa ya boss mwenyewe, na yeye hachori, huangalia tu. Ya mwisho ilikuwa ya msee wa saiti aliyeifungua siku nne kwa miezi mitatu.

Yaani tulikuwa tunalipia matatu nzima na abiria ni watano. Halafu wanaoshushwa ni sisi wawili tuliosimama mlangoni.

Wazee kwa hii kazi hukumbuka enzi za kununua programu mara moja na kukaa nayo miaka. Hiyo iliisha 2016, Autodesk wenye AutoCAD na Revit walipoacha kuuza leseni mpya za aina hiyo. Sasa sisi sote ni wapangaji. Usipolipa kodi, landlodi anafunga mlango. Kisha kuanzia 2020 wakaanza kuondoa leseni za kushea ofisini, zile mtu akifunga mwingine anafungua. Siku hizi leseni ni ya mtu mmoja na imeelimea kwa imeili yake. Akihama bila kuondolewa, unaendelea kumlipia.

Na si sisi tu tunalia. Julai 2020 makampuni ya usanifu majengo Uingereza, Zaha Hadid Architects wakiwemo, waliandikia Autodesk barua ya wazi kulalamikia bei ya Revit na venye programu yenyewe haisongi mbele. Kama hao wanasikia uchungu, ofisi ya watu 12 hapa Nairobi itasikia nini?

Najua kuna mtu hapo anasema, "Si uweke tu kreki?" Hapana. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inalinda programu za kompyuta kama inavyolinda vitabu. Pia hiyo faili umetoa kwa mtandao hujui imebeba nini, na michoro ya mteja iko kwa laptopu hiyo hiyo. Na wewe wa kampasi, leseni ya bure ya wanafunzi ni ya kusoma. Ukiitumia kwa kazi ya kulipwa umevunja masharti.

Njia halali ziko. Anayeangalia michoro tu, mpe DWG TrueView, ni ya bure. Anayechora mara moja moja, mnunulie tokeni za Flex: zinakatwa siku anayofungua programu, karibu kama tokeni za stima. Tofauti ni kwamba hizi zinaisha baada ya mwaka, kwa hivyo usijaze nyingi. Kazi ya ramani, QGIS inaweza. Mabomba ya maji, kuna EPANET. Mafuriko na mito, HEC-RAS. Zote tatu ni za bure na mainjinia duniani wanaziheshimu.

Lakini sisemi mtupe kila kitu mhamie za bure Jumatatu. Mteja akitaka faili za Revit, utampa za Revit. Na kufundisha watu programu mpya ni gharama pia, hata kama hakuna risiti. Ninachosema ni hiki: hesabu kwanza, na uhesabu mwezi mmoja kabla bili haijafika. Ikishajilipa yenyewe kwa kadi, umechelewa.

Tulimpelekea boss karatasi moja. Aliisoma kimya, akauliza, "Huyu wa Qatar bado tunamlipia?" Wakati wa kulipa upya leseni zikashuka kutoka 9 hadi 5, na yule wa saiti akapewa tokeni. Pesa iliyobaki ilitosha kuweka mwanagenzi mmoja.

Hakuwa mimi. Mwenzangu alikuwa anachora vizuri kuniliko, na hiyo ni haki. Leo ameajiriwa hapo hapo.

Ndiyo maana hii story hainitoki. Ofisi nyingi zikibanwa, mtu wa kwanza kutolewa ni kijana anayepewa pesa kidogo, juu yeye anaonekana. Leseni ya mtu aliyeenda haionekani, inakula tu kimya kimya. Kama uko ofisi kama hiyo, hata kama wewe ndiye mdogo kuliko wote, omba kuona ile orodha.