Paa na Bustani

Nyumba ikivuja, fedha zote humwendea fundi, na bustani husahauliwa. Kisha mboga nazo hununuliwa sokoni, gharama juu ya gharama.

Twajua kwamba hapa Singida mvua huanza Novemba au Desemba na kukoma Aprili. Mwaka jana nilibadili mabati yaliyoliwa na kutu. Fedha iliyosalia ilitosha rangi ya ukuta au mfereji wa paa, si vyote viwili. Mama watoto akaniambia, “Baba, rangi hailiwi.” Nikanyamaza, nikanunua mfereji.

Sasa, walimu, hesabuni pamoja na watoto: mvua ya milimita 20 juu ya paa la mita za mraba 40 huleta lita 800, yaani mapipa 4 ya lita 200. Ukinywesha tuta la mchicha lita 20 kila siku, hutosha siku 40. Mapipa yafunikwe, mbu wasizae. Tuta litiwe samadi ya zizini na kufunikwa majani makavu.

Ukuta wetu ungali bila rangi, lakini Mei yote tulikula mboga yetu wenyewe. Basi, kabla ya kumlipa fundi, mwulizeni kwanza mama wa nyumba.