NYUMBA YENYE MAGURUDUMU

Huko Kanada familia nyingi husafiri wakati wa likizo kwa gari lililo nyumba: ndani mna vitanda, jiko, meza na hata choo. Njia moja wanayoipenda hupita katika Milima ya Rocky, toka Lake Louise hadi Jasper, kilomita 232. Ukiwa barabarani waiona barafu ya Athabasca ikishuka mlimani. Petroli hupatikana mahali pamoja tu njiani, Saskatchewan Crossing, na sehemu kubwa ya njia simu haishiki.

Safari ya namna hiyo huipima ndoa. Mume na mke wakikosana, hakuna chumba cha kukimbilia wala jirani wa kuwapatanisha. Tena mama asipoangalia, atapika, ataosha vyombo na kutandika vitanda huku wenzake wakitazama milima. Huyo amebadili jiko tu, hakupumzika.

Basi kabla ya safari yoyote, hata ya kwenda kijijini kumwona bibi, keti na baba watoto mpange: nani atapika, nani ataosha, watoto watasaidia nini.

Mtume Paulo aliwaonya Waefeso wasikae na hasira mpaka jua lichwe. Mwezi wa Juni huko Jasper jua huchwa kama saa nne usiku. Msingoje hadi hapo! Simamisheni gari, semezaneni, ombeni pamoja, kisha mwendelee. Mungu aliiumba milima ili mama naye aitazame.