KIINUA MGONGO HAKIINUI MGONGO



Katika mkutano wa tawi uliopita jambo moja liliachwa bila kukatwa shauri. Ndugu mmoja aliuliza kwa nini fedha za ada zitumike kwa ajili ya wazee waliokwisha kustaafu, watu ambao hawalipi tena hata senti moja kwa Chama. Wengine walimpigia makofi, wengine walinung'unika. Mwenyekiti akaona saa zimekwenda, akasema jambo hilo lirudi mkutano ujao. Basi kabla halijarudi, jarida hili lina maneno ya kusema.

Ombi lenyewe si kubwa. Linataka tawi liwe na daftari la wastaafu wenye ugonjwa wa uti wa mgongo, wale wanaongoja kupasuliwa na wale waliokwisha kupasuliwa. Liwatume watu wawili wawili kuwatembelea. Na liwalipie gari siku ya kwenda hospitali, maana mzee wa namna hii hawezi kupanda matatu akakunjwa kama gunia. Ni hayo tu. Hakuna aliyesema Chama kijenge hospitali.

Wengi wenu vijana hamkuwaona wazee hawa kazini. Waliingia gengi siku ambazo mataruma yalibebwa kwa mabega, reli ikainuliwa kwa mitaimbo, na kokoto zikashindiliwa kwa sururu tangu asubuhi, jua la Voi likiwaka. Nyapara akitoa sauti, wote wanainama pamoja, wote wanainuka pamoja. Walipomaliza kazi walipewa fedha zinazoitwa kiinua mgongo. Lugha yetu nayo ina mzaha wake. Fedha zimekwisha, na mgongo wenyewe hauinuki.

Hatusemi kwamba kila mgongo ulioharibika uliharibiwa na reli. Uzee peke yake huchakaza mifupa, na hata karani aliyekaa kitini miaka 30 huugua. Lakini kunyanyua mizigo mizito na kuinama kila siku ni miongoni mwa mambo yanayojulikana kuleta ugonjwa wa kiuno, na wenye kazi wanajua hivyo.

Ugonjwa unaowapata wazee wengi ni huu. Ndani ya uti wa mgongo mna mfereji ambamo mishipa ya fahamu hupita kwenda miguuni. Miaka ikienda, mifupa huota vinundu, kano huwa nene, na vile visahani vilivyo kati ya pingili hunywea. Mfereji unakuwa mwembamba, mishipa inabanwa. Mzee akisimama wima au akitembea, miguu inawaka moto, inakufa ganzi, inalegea; akikaa au akiinama, anapata nafuu. Ndiyo sababu utamwona mzee asiyeweza kutembea hatua mia kwenda dukani, lakini akishika usukani wa baiskeli na kuisukuma huku ameinama, anafika. Watu wasiojua humcheka na kusema anajifanya. Hajifanyi. Akiinama mfereji unapanuka kidogo, basi.

Wengi hupata nafuu kwa dawa na mazoezi bila kisu. Asiyepata, daktari anaweza kuondoa sehemu ya mfupa na kano zinazobana, na pengine kufunga pingili kwa vyuma na skrubu. Si kila mtu hupona kabisa. Maumivu ya miguu na shida ya kutembea ndiyo hupungua zaidi. Kiuno chenyewe chaweza kuendelea kuuma. Lakini mzee aliyekuwa hatembei, akaweza kwenda sokoni na kurudi, huyo amerudishiwa maisha yake.

Sasa tuukumbuke mwaka 2020. Mgonjwa wa kwanza wa korona katika Kenya alitangazwa tarehe 13 Machi. Tarehe 27 mwezi huo huo ikaanza amri ya kutotoka nje usiku, na haikuondolewa mpaka tarehe 20 Oktoba 2021. Tangu tarehe 6 Aprili hadi tarehe 7 Julai 2020 ilikuwa mwiko kuingia Nairobi au kutoka. Magari ya moshi ya abiria baina ya Nairobi na Mombasa yalisimama, yakaanza tena tarehe 13 Julai. Matatu ya watu 14 iliamriwa kuchukua 8, na nauli ikapanda. Hospitali nazo, hapa kwetu na katika nchi nyingi, ziliahirisha operesheni zilizosemwa kwamba zaweza kungoja. Kundi la madaktari wapasuaji wa nchi nyingi, liitwalo COVIDSurg, lilikadiria mwezi wa Mei 2020 kwamba katika majuma 12 ya shida kubwa operesheni kama hizo milioni 28.4 zingefutwa au kuahirishwa duniani. Mgongo wa mzee mara nyingi ulitiwa katika fungu hilo.

Haki lazima isemwe: kuahirisha hakukuwa upumbavu. Kundi hilo hilo liliwachunguza wagonjwa 1,128 wa nchi 24 waliopasuliwa wakiwa na korona, au waliogunduliwa nayo mara tu baada ya kupasuliwa. Katika siku 30, watu 23.8 kwa kila 100 walikufa, na wanaume na wenye miaka 70 na zaidi ndio walikuwa katika hatari kubwa zaidi. Daktari aliyemwambia mzee wetu angoje nyumbani huenda alimwokoa. Na wauguzi, maofisa wa kliniki na madaktari walipogoma mwezi wa Desemba 2020 wakidai mavazi ya kujikinga na bima, sisi wana vyama ndio wa mwisho kuwatupia jiwe.

Neno letu ni juu ya kile kilichofuata baada ya kusema "ngoja". Mtu akiambiwa angoje, ni lazima awepo mwenye kuuliza anangoja katika hali gani.

Mzee mmoja wa tawi letu, mtu wa gengi wa zamani, alikuwa na tarehe ya kupasuliwa mwezi wa Aprili mwaka ule. Alipigiwa simu akaambiwa atapewa tarehe nyingine. Alingoja miezi 19. Katika miezi hiyo yote hakuna mtu wa hospitali aliyempigia kuuliza habari zake, na tuseme kweli, sisi wa Chama pia hatukufika kwake.

Kuna maswali kumi ambayo madaktari wa migongo huyatumia, yaliyochapishwa mwaka 1980 na kuitwa kwa jina la mji wa Oswestry, Uingereza. Hayaulizi kama moyo unapiga. Yanauliza maumivu ni makali kiasi gani. Waweza kuoga na kuvaa mwenyewe? Waweza kuinua kitu? Watembea umbali gani? Wakaa muda gani, wasimama muda gani? Walala usingizi? Mambo ya mume na mke je? Waenda kwa watu? Waweza kusafiri? Majibu hujumlishwa, na daktari hujua huyu ameshikwa kiasi gani na ugonjwa wake.

Chukua maswali hayo umwekee mzee wetu. Mkewe alikwisha kufariki. Mwanawe alikuwa kazini Mombasa, na miezi ile ya amri hakuweza kuja. Aliyebaki nyumbani ni mkaza mwana. Kila aliyelelewa katika mila anajua maana ya baba mkwe kuoshwa na mkaza mwana. Mzee alikataa, akakaa siku nyingi bila kuoga, maana hakuweza kuinama kufikia ndoo. Usiku alilala kitini. Makanisa yalipofunguliwa mwezi wa Julai 2020, waliopita miaka 58 waliambiwa wasije, na kwake kanisa ndilo lilikuwa baraza lake la pekee katika juma. Swali la kwenda kwa watu likajibiwa na amri kabla yeye hajajibu. Katika hesabu za kila jioni redioni hakuwamo, kwa sababu hakuwa na korona wala hakufa.

Tulipokuwa shule ya misheni tulifundishwa habari za yule mwanamke aliyepinda mgongo miaka 18. Aliyelalamika kwamba ameponywa siku ya sabato hakusema asiponywe. Alisema siku ziko nyingine sita, aje siku hizo. Kwa mwenye mgongo mzima, siku moja zaidi si kitu.

Mzee wetu alipasuliwa mwezi wa Novemba 2021, akiwa amekwisha kuchanjwa. Sasa anatembea mpaka stesheni, akipumzika mara moja njiani. Ganzi ya mguu wa kushoto haikuondoka, na mshipa uliobanwa muda mrefu mara nyingine haurudi kama ulivyokuwa. Baada ya operesheni alitakiwa kutembea kila siku na kufanya mazoezi ya kutia nguvu kiuno na miguu, kwa kuwa mwili wa mzee ukikaa bure majuma machache nguvu hutoka upesi. Mazoezi yenyewe alielezwa kwa simu. Jaribuni kumweleza mtu wa miaka 71, asiyesikia vizuri, kwa simu, jinsi ya kulala chali na kukaza tumbo! Kijana mmoja wa karakana ndiye aliyekuwa akipita jioni kumshika mkono wakitembea. Hakutumwa na mtu.

Kwa ndugu aliyeuliza habari za ada, jibu letu ni hili. Mzee huyu alilipa ada miaka 26, hata siku ambazo Chama hakikuwa na kitu cha kumpa. Nyongeza unazokula wewe leo zilidaiwa na watu hawa. Tena wewe una njia asizokuwa nazo yeye. Sheria ya mwaka 2007 ya malipo ya majeraha ya kazini yakupa haki ya kulipwa na kutibiwa ukiumia, lakini madai yanatakiwa kuletwa kabla ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Ukisikia mgongo umelia krak chini ya taruma, usikae kimya kwa kuogopa kuitwa mvivu. Mwambie nyapara, iandikwe, shika nakala. Wazee wetu walipakwa dawa ya kuchua wakarudi kazini, na leo hawana hata karatasi moja ya kuonyesha. Wewe mshahara wako hukatwa 2.75 kwa mia kwa bima mpya ya afya iliyoanza tarehe 1 Oktoba 2024. Mzee asiye na mshahara ni lazima apimwe mapato ya nyumba yake na kulipa mwenyewe, kima cha chini shilingi 300 kwa mwezi. Wako wasiojua hata pa kujiandikisha. Kuwaonyesha ni kazi ya saa moja.

Watakaotumwa kuwatembelea wajue pia jambo lisiloweza kungoja, korona iwepo isiwepo. Mgonjwa wa mgongo akishindwa kukojoa ghafula, au haja ikimtoka bila kujua, au sehemu za siri na mapaja ya ndani yakifa ganzi, au miguu ikizidi kulegea, apelekwe hospitali saa ile ile. Asiambiwe angoje asubuhi. Ikipita muda, hata kisu hakitamrudishia.

Tena twataka mkutano upitishe barua kwa wakubwa wa hospitali: likija tena gonjwa la kufunga milango, orodha ya wanaongoja isipangwe kwa kuuliza nani atakufa kwanza tu. Yaulizwe na yale maswali kumi, kwa simu, kila mwezi, na anayezidi kuharibika asogezwe mbele.

Mkutano ni Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu, saa nane mchana. Karani amekwisha kuanza daftari. Mpaka leo lina majina kumi na moja. Mwenye kumjua mzee mwingine alete jina lake, mahali anapokaa, na kama nyumba yake ina ngazi.