Usiuze amplifaya ya mzee kwa kilo, tafuta waya kwanza

Mwezi jana nusura mama auze amplifaya ya marehemu babangu kwa kilo. Jamaa wa vyuma kuukuu alikuwa ashaegesha mkokoteni wake chini ya ploti yetu hapa Kariokor, mizani mkononi. Sababu ya mama ilikuwa moja tu. Tulikuwa tumenunua tivii mpya, ile nyembamba ya kutundikwa ukutani, na kwa maneno yake, "huu mzigo wa babako hauingiani nayo."

Ukweli ni kwamba mimi ndiye niliyemjaza hayo maneno. Siku mbili kabla, muuzaji mmoja katikati mwa jiji alitazama picha ya amplifaya kwa simu yangu, akacheka. "Hiyo ni ya makumbusho, bro. Chukua hii saundiba, elfu kumi na tano, unalipa mdogo mdogo." Nilitoka hapo nikiona haya, kana kwamba nimemwonyesha picha ya punda nikiulizia bei ya petroli.

Kilichookoa hiyo mashine ni fundi mmoja wa mtaa, mzee anayetengeneza redio. Alipita, akamwona jamaa wa mizani, akauliza, "Kijana, umeangalia mgongo wa hiyo tivii?" Sikuwa nimeangalia. Jioni hiyo nilinunua waya wa shilingi mia mbili hamsini, na saa mbili usiku mama alikuwa anasikiliza taarifa ya habari kwa spika zilezile za baba.

Ndiyo maana naandika. Wengi wetu tunaambiwa kitu cha zamani "hakiingiani" na anayetuambia ndiye anayeuza kile kipya. Tunakubali haraka kwa sababu hatujui, na kutojua huko kunatutoa pesa mfukoni kila mwezi.

Sasa sikiza, si mambo magumu. Amplifaya za miaka ya 80 na 90 zina matundu mekundu na meupe kwa nyuma. Tivii za kitambo zilikuwa na matundu kama hayo ya kutoa sauti, lakini nyingi za sasa zimeyaacha. Hapo ndipo watu hukwama. Ila tivii yako huenda ina tundu dogo la hedifoni. Kama lipo, waya wenye kichwa kimoja kidogo upande huu na vichwa viwili, chekundu na cheupe, upande ule, unamaliza kazi.

Kama tundu hilo halipo, tafuta lililoandikwa OPTICAL. Hilo hutoa sauti ya dijitali kwa mwanga, na amplifaya ya mzee haielewi dijitali. Utahitaji kikonvata kidogo cha kugeuza sauti ya dijitali kuwa ya analogi. Usipotaja upande, unaweza kuuziwa kinachofanya kinyume, na hakitakusaidia chochote. Ukishaunganisha, ingia kwenye mipangilio ya sauti ya tivii, uchague PCM. Usipofanya hivyo unaweza kupata kimya kabisa, uanze kumlaumu marehemu.

Upande wa amplifaya, chomeka kwa AUX, CD au TAPE. Usiguse PHONO. Hilo ni la santuri, ambayo sauti yake hutoka hafifu sana, kwa hivyo amplifaya huikuza mara nyingi zaidi. Ukiweka tivii hapo, utasikia makelele ya kukwaruza tu. Bluetooth nayo inawezekana, lakini sauti huweza kuchelewa nyuma ya picha. Goli linaingia, shangwe inafuata baadaye.

Najua kuna watakaosema huu ni ushamba wa kung'ang'ania vitu vya kale. Wana hoja mbili ninazokubali. Ya kwanza ni stima. Amplifaya kubwa hula tokeni kuliko saundiba ndogo, kwa hivyo usiiache ikiwaka usiku kucha. Ya pili ni nafasi. Kama unaishi bedsita, spika mbili za kimo cha mtoto wa chekechea ni wapangaji wawili wasiolipa kodi.

Na si kila mashine ni ya kuokolewa. Soma kibandiko cha nyuma kwanza. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani zinataka volti 100, na hapa Kenya ukutani kuna 240. Ukichomeka bila transfoma unaichoma. Ikinuka moshi, izime. Na usiifungue mwenyewe kwa sababu umetazama video mbili. Baadhi ya vipuri vya ndani hubaki na umeme hata baada ya kuchomoa. Mpe fundi, umlipe bila kumpigia hesabu za "si ni waya tu." Unalipia miaka aliyokaa akijifunza.

Lakini hoja hizo hazifuti yangu. Jiji hili lina jalala la Dandora, ambako watu huchambua taka kwa mikono mitupu. Sheria ya Usimamizi Endelevu wa Taka ya mwaka 2022 inawapa watengenezaji na waagizaji wajibu juu ya bidhaa zao hata zinapogeuka taka. Bunge la Ulaya nalo mwaka 2024 lilipitisha sheria ya haki ya kukarabati. Hapa kwetu wauzaji wangeanza na jambo dogo: kumwambia mteja tivii ina matundu gani ya sauti kabla hajalipa, na kuweka huo waya wa mia mbili hamsini karibu na saundiba.

Sisi watu wa Kariokor tunafaa kuelewa haya upesi. Jina la mtaa wetu lenyewe lilitokana na Carrier Corps, kikosi cha wapagazi Waafrika wa Vita vya Kwanza vya Dunia, maneno ya wakoloni ambayo watu walichukua wakayatengeneza upya yakatoshea midomo yao. Sokoni tumezungukwa na watu wanaoshona, wanaosuka na kurekebisha. Iweje kijana wa mtaa huu ashindwe na waya?

Mama sasa hataki kusikia habari za mizani. Jumapili anafungulia nyimbo za kanisa hadi jirani wa juu anagonga sakafu. Hilo nalo ni tatizo, lakini la kupunguza sauti tu. Kwa hivyo kabla hujamwita mtu wa vyuma, geuza tivii yako, washa tochi ya simu, uangalie mgongoni.